Sherehe ya anga za juu: giza tulitengeneze mchana au tungoje la usiku?

Shangazi, shikamoo. Wasomaji wenzangu, habari za siku.

Mtoto wetu anatimiza miaka 7 katikati ya Februari na anataka sherehe ya anga za juu, hapa hapa nyumbani Tabata. Waalikwa ni watoto 14, mdogo ana miaka 5 na mkubwa 9. Wa kuwasimamia tuko watatu. Sebule ni mita 4 kwa 5, ina madirisha mawili na feni moja ya dari. Uani kuna uwazi wa mita 6 kwa 9, ila mwembe wa jirani umeuinamia upande mmoja. Mengine yamepangwa. Kilichotushinda ni giza.

Baba yake anataka saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni, kama sherehe zote za watoto. Mimi navutwa na saa 11 hadi saa 2 usiku. Naeleza pande zote mbili kwa vipimo, mtuamulie.

Giza la mchana tunalijenga kwa kaniki. Ni nzito kuliko kitambaa cheusi cha bitana, na baada ya sherehe haipotei bure. Kila dirisha linataka vipande viwili vinavyopishana sm 15 katikati, vipigiliwe juu kwenye ubao mwembamba, na chini vizidi fremu kwa sm 20. Selotepu peke yake haishiki: ukuta wa rangi ya maji hutoa vumbi, na kwa unyevu wa Februari unakuta kitambaa kiko sakafuni kabla wageni hawajafika. Nyota tunazinyunyiza kwa mswaki mkuukuu, rangi nyeupe ikizimuliwa kidogo tu. Ikiwa nyepesi mno inachuruzika, na anga linakuwa kama limemwagikiwa uji.

Nyota za plastiki za kubandika darini zijaribiwe siku mbili kabla. Za bei ya chini hung'aa dakika chache tu, lakini zenye unga wa strontiamu hukaa saa kadhaa. Zote zimulikwe kwa taa nyeupe kama dakika 10 kwanza, na watoto wapewe dakika 5 macho yazoee. Mwanga mdogo unaopenya chini ya mlango unaharibu kazi yote, kwa hiyo tumetenga taulo la kuziba.

Sasa, ukishaziba mwanga umeziba na upepo. Mtu aliyetulia hutoa joto kama la balbu ya zamani ya wati 100, na mtoto anayerukaruka hayuko mbali na hapo. Watoto 14 na mkubwa mmoja ni kama hita ya karibu kilowati moja na nusu ndani ya chumba kilichofungwa, mwezi ambao nje ni nyuzi 32. Feni itazungusha joto lile lile, na umeme ukikatika hata hilo hatuna. Halafu yupo wa miaka 5 ambaye giza litamliza, na mmoja akianza wenzake watampokea.

Njia ya kati tuliyoifikiria ni hema: meza ya chakula ya sm 90 kwa 150 ifunikwe kaniki, chini mkeka. Wanaingia watatu au wanne kwa dakika 6, makundi manne, nusu saa imekwisha. Madirisha yanabaki wazi. Ubaya wake ni kwamba kila zamu watoto kumi wako nje wakisubiri, na anayesubiri bila kazi ndiye anayepasua maputo. (Meusi hasa yasianikwe juani. Hushika joto upesi na hupasuka yenyewe, na vipande vyake viokotwe mara moja kama kuna mdogo anayetia kila kitu mdomoni.)

Kwa hiyo roketi lazima ziende sambamba na hema. Tumechagua za kukanyaga: mtoto anakanyaga chupa tupu, na hewa yake inairusha roketi ya karatasi iliyovishwa kwenye bomba. Chupa ya soda ya lita 1.5 inaunganishwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, sm 30, na bomba la PVC la nusu inchi: mita moja chini, kona, kisha sm 40 kwenda juu. Kona inazungushwa kidogo ili bomba liinamie upande usio na mwembe. Roketi ni karatasi ya A4 iliyoviringishwa kwenye kipande cha bomba lile lile, lakini kwanza bomba livishwe mzunguko mmoja wa karatasi nyingine, ambayo huondolewa baadaye. Huo ndio ulegevu unaohitajika. Ukiviringisha moja kwa moja inang'ang'ania, na ukilegeza zaidi hewa inatorokea pembeni. Pua ikunjwe na kuzibwa kabisa kwa selotepu, maana pakiwa na tundu hata dogo roketi inaangukia miguuni pa aliyekanyaga. Mapezi matatu ya karatasi ngumu yanatosha. Wa miaka 5 tutawaviringishia viwiliwili mapema, wao wapake rangi na kubandika mapezi.

Baada ya kila mkanyago chupa hubonyea. Inajazwa tena kwa kupuliza kwenye bomba, ngumi ikiwa katikati ya mdomo na bomba, watoto wasipokezane mate. Mikunjo ya chupa hupasuka baada ya muda, hivyo tumeweka chupa nne za akiba. Anakanyaga mmoja, wengine wako nyuma ya mstari mita 2, na hakuna kuchungulia bomba.

Roketi ya siki tumeiacha iwe moja tu, ya mkubwa kurusha. Mililita 150 za siki na vijiko 2 vya chai vya bekingi soda hutoa karibu lita 3 za gesi ndani ya chupa ya nusu lita, na hakuna anayejua kizibo kitatoka sekunde gani. Kizibo kiwe cha kusukumiza. Kifuniko cha kuzungusha kikibana, chupa yenyewe ndiyo inayopasuka. Bekingi pauda haifai badala yake kwa sababu imechanganywa na wanga, gesi inakuwa haba.

Upande wangu wa jioni ni mfupi kueleza. Wakati huo wa mwaka jua la Dar linatua kama saa 12 na dakika 45, na giza la huku haliringi: saa 1 na robo nyota zipo. Vuli imekwisha, masika hayajaanza. Kilimia kiko juu upande wa kaskazini, na nyota tatu za mkanda wa Jabari (Orion) ziko karibu na utosi, kidogo mashariki. Tukipata Jumamosi ambayo mwezi una siku tano hadi nane tangu kuandama, unakuwa juu vizuri baada ya Magharibi, na kwa darubini ndogo ya mkononi mashimo yake yanaonekana penye mpaka wa mwanga na kivuli. Mwezi mpevu hauna vivuli hivyo, unaonekana bapa kama chapati.

Keki nayo iko upande wangu. Siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi, na krimu ya gramu 250 za siagi kwa 500 za sukari ya unga haisimami mezani saa 10 alasiri. Ukiitoa kwenye friji inatoka jasho na rangi nyeusi inatiririka. Krimu hiyo ianze na kakao, kisha rangi nzito ya jeli. Rangi ya maji inailegeza, na ukitaka weusi kamili kwa siku hiyo hiyo utatia nyingi mpaka meno ya watoto yawe bluu. Iache ilale usiku mmoja, weusi unakolea wenyewe.

Lakini jioni ina mbu, watoto 14 wamelala chali kwenye mikeka. Ina swala ya Magharibi kwa baadhi ya familia. Inataka chakula kamili, si bisi na juisi, kwa hiyo ni pilau la kilo 3 za mchele. Na wa miaka 5 saa 1 na nusu keshasinzia, mama yake akipiga simu kuuliza bodaboda.

Swali dogo la pembeni, kwa walimu. Tunaandika majina ya sayari ukutani, na orodha zinagombana. Moja inaita Zohali ile yenye pete, nyingine inaiita Sarateni na Zohali inaipa nafasi ya saba. Utaridi mahali pamoja ni ya kwanza, pengine ni ya tisa, yaani Pluto, ambayo tangu 2006 haihesabiwi tena kuwa sayari. Mimi naegemea Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, kwa kuwa Sumbula, Sarateni na Kausi za ile orodha nyingine kwa asili ni majina ya buruji, yaani makundi ya nyota. Je, tutawachanganya na ya darasani?

Basi, Shangazi na wenzangu: hema la mchana kwa zamu, au jioni kamili? Aliyewahi kuanza saa 10 na nusu kwa roketi, akakata keki jua likitua na kuwaaga saa 1 na nusu, aniambie wadogo walishikaje, na mbu aliwazuia kwa kitu gani bila kuwafukiza wageni. Kaniki sijaikata bado.

Mama wa Mwanaanga, Tabata