Nilimsimulia shemeji kwa kucheka, saivi mume wangu haniangalii usoni

Habari Anti na wasomaji wenzangu. Jina langu naomba mlifiche maana Kibaigwa ni padogo, na jambo lenyewe limeshafika sokoni ndo maana naandika.

Mume wangu ni mbeba mizigo pale soko la mahindi, mwaka wa kumi na moja huu. Anayelijua soko letu anajua habari ya lumbesa, gunia linaitwa la kilo mia lakini na kile kilemba chake juu linazidi mbali, na mtu analipandisha kwenye fuso kwa kukanyaga ubao. Mwaka jana akaota uvimbe kinenani, akisimama unatoka akilala unarudi. Akanificha. Nilishtuka kwa sababu alianza kuoga usiku watu wakishalala, na yeye ni mtu wa kuoga akifika tu toka kazini kabla ata ya kunisalimia.

Tukahangaika na mizizi weee, kuna mzee alimwambia hiyo ni ngiri wiki moja tu inaisha, wiki ikawa miezi. Mpaka siku moja jioni uvimbe ukagoma kurudi, akawa anatapika, tumbo linakata, jasho kama kamwagiwa maji. Zahanati walimlaza wakaubembeleza ukarudi, ila mganga akatuambia waziwazi siku ukigoma moja kwa moja utumbo unabanwa ndani unakosa damu unaoza, na hapo tunahesabu masaa sio siku. Nikakopa kikoba laki nne, tukapanda basi kwenda Dodoma mjini.

Sharti lake lilikuwa moja, mtu yeyote akiuliza niseme kidole tumbo. Pale sokoni mwanaume mwenye ngiri anaambiwa jogoo hawiki. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba upasuaji huu hauhusiani na mambo ya kitandani, maumivu yakiisha anaendelea na maisha yake, yeye akawa anaitikia ndio ndio huku anaangalia dirishani. Daktari akasema pia watamuwekea neti ndani ya kuzuia utumbo usitoke tena, mimi nikawaza chandarua, nikanyamaza.

Siku yenyewe hakula tangu usiku, asubuhi wakamnyoa, akasaini, akavua pete akanipa. Ile pete nilivaa kwenye kidole gumba maana vingine ilikuwa inapwaya. Saa nne wakamuingiza, nikakaa nje kwenye benchi na shemeji yangu, mdogo wake, anaishi Chang'ombe ya hapo hapo Dodoma. Baridi ya mwezi wa saba ya Dodoma mnaijua, upepo na vumbi, nimejifunika kitenge mpaka kichwani nahesabu kila anayetoka mlangoni. Saa sita na nusu wakamtoa kwenye machela macho wazi, walimchoma ganzi ya mgongo kwahiyo hakusinzia. Nikamshika paja akaniuliza unashika nini, nikasema paja lako, akasema hilo sio langu. Nesi alicheka na mimi nikacheka na yeye mwenyewe akacheka kidogo. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri.

Shida ilianza jioni. Miguu imerudi, maumivu yameanza, dripu zimeingia mbili lakini mkojo hautoki. Nesi akaeleza kwamba ile ganzi huwa inalaza na kibofu, sio ajabu, ila mpaka saa mbili usiku kama bado wanaweka mpira. Kusikia mpira mume wangu akawa mwekundu, yani mtu mweusi kabisa lakini niliona. Wodi ya wanaume mwanamke halali, mda wa kuona wagonjwa ulishapita, nikamuomba yule nesi mpaka akanionea huruma akasema nusu saa tu, akavuta pazia.

Nikamkalisha ukingoni mwa kitanda kwanza, miguu inaning'inia, maana nesi alisema akisimama ghafla ataona kizunguzungu aanguke na kidonda. Kweli alikaa kama dakika tano anapumua kwa mdomo. Alafu akasimama, mkono mmoja begani kwangu, mzito huyo, mimi nashika chupa. Hakuna kitu. Nikakumbuka watoto wetu wakiwa wadogo nilivyokuwa nawafanyia, nikachukua kikombe nikawa namimina maji kwenye beseni, polepole, yasikike. Akaniambia kwa hasira acha. Nikaendelea. Kikombe cha tatu au cha nne ndo ukaja, kidogo kidogo alafu ukafunguka, chupa ikajaa karibu nusu, nikataka kupiga kelele kama Dodoma Jiji wamefunga goli. Nikamuangalia, analia. Machozi yanadondoka kwenye kanga yangu na hasemi neno. Nikamlaza, akageukia ukutani akasema mama watoto hii isitoke hapa. Nikasema haitoki.

Anti, imetoka na nimeitoa mimi.

Usiku ule nikalala kwa shemeji, ye akarudi kukesha na kaka yake. Kesho yake mchana tunakunywa chai kibandani nje ya hospitali, mwili umechoka, lakini roho imepoa maana mgonjwa ameshatembea mpaka chooni mwenyewe, ameshajamba, nesi kamruhusu uji. Raha tu ilinizidi. Nikamsimulia shemeji habari ya maji na beseni, na nilisimulia kwa kucheka mpaka nikaigiza. Shemeji alicheka akakohoa. Sikuona ubaya, nilijua ni damu yake. Naye sijui alimsimulia nani, wiki ya pili tumesharudi nyumbani wakaja wenzie wa sokoni kumpa pole, wamechanga na elfu arobaini, wanaondoka mmoja anasema pona haraka Beseni. Wengine wakaangua kicheko. Mume wangu alicheka nao. Walipotoka getini aliniangalia mara moja, na mpaka leo hajaniangalia tena.

Leo ni siku ya ishirini na mbili tangu apasuliwe. Chakula anakula, nikimsalimia anaitikia, watoto anaongea nao vizuri. Mimi nakaa tu kama mpangaji. Kabla ya hapo akikohoa (na kwa vumbi hili anakohoa) nilikuwa nambania mto kwenye kidonda kama nesi alivyotufundisha, saivi akisikia kikohozi kinakuja anatoka nje anabana mwenyewe kwa mikono. Nikimpelekea papai na maji ili choo kiwe laini asijikaze, anawapa watoto papai. Kitandani tunalala mzungu wa nne, na sio habari ya kidonda, kidonda kimekauka nyuzi zimetoka.

Nimeomba msamaha mara mbili. Ya kwanza akasema yameisha. Ya pili akasema nimesema yameisha.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba anataka kurudi mzigoni. Daktari alisema wiki sita asibebe kitu kizito, ata ndoo ya lita ishirini asiguse, maana ile neti bado haijashikana na nyama na uvimbe unaweza kurudi. Juzi nimemkuta uani ameinua ndoo imejaa maji, ameishikilia tu, haendi nayo popote. Aliponiona akaishusha taratibu akaingia ndani. Najua sio ndoo ile, ni jina la Beseni analitafutia dawa, anataka watu wamuone na lumbesa mgongoni wasahau. Na hela kweli hakuna, saivi mahindi ndo yanaingia, siku nzuri alikuwa anarudi na elfu ishirini na tano, na kikoba wananidai.

Mama mkwe anasema nimwache, mwanaume akikasirika anatulia mwenyewe, ila mama naye anaamini ni kidole tumbo mpaka leo. Shemeji nimemgombeza, anasema alikuwa anatania tu na kaka yake ana roho ndogo. Nimewaza nimfuate kiongozi wao wa wabeba mizigo nimuombe ampe kazi ya kuhesabu magunia au kushona midomo mpaka wiki zitimie, lakini akijua nimeenda kumuombea si ndo nimemmaliza kabisa? Au nimtume shemeji aende, yeye ndo alilianzisha, na kaka yake asijue kama mimi nimemtuma? Na huku ndani naongea naye vipi, mtu anayesema yameisha na hayajaisha?

Kina baba mnaosoma hapa naomba nyie ndo mjibu, mke wako angekufanyia hivi ungetaka aseme nini ili moyo urudi? Msiniambie tu nimzuie asiende. Jana alfajiri nilimfichia viatu vya kazi, akaenda sokoni na ndala, akarudi mchana, alikuwa amekaa tu anaangalia wenzie. Jumatatu amesema anabeba.