Shangazi, kidonge chako na chai ya maziwa visikutane

Shangazi, shikamoo.

Naandika hapa hadharani kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Jina lako silitaji. Ila najua kuna mashangazi wengine watakaojiona humu, na wao ndio watakaokupigia kukwambia mpwa wako kakuandika.

Nilipokuja Mombasa mara ya mwisho niliona sinia lako la asubuhi: birika la chai ya maziwa iliyokolea tangawizi, mahamri, mbaazi za nazi, na kwenye kisahani vidonge vinne. Kile kidogo cheupe cha tezi ya shingoni, kile chekundu cha kuongeza damu, kile kikubwa cha kalsiamu, na cha kutafuna cha kiungulia. Vitatu ukavishushia chai, cha nne ukakitafuna, ukasema, "Hiyo kazi imekwisha." Nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwapo.

Kisha jioni ukanilalamikia. Baridi hata mwezi wa Februari, choo kigumu, nywele zinabaki kwenye kitana, usingizi wa mchana usiokwisha. Kile cha tezi umeanza na maikrogramu 50, ukapandishwa 75, ukapandishwa 100, na bado TSH, kile kipimo cha damu cha tezi, iko juu. Ukasema dawa yenyewe bandia. Shangazi, mimi nameza dawa hiyohiyo, levothairoksini, yaani homoni ya tezi ya kutengenezwa, mwaka wa sita sasa. Ninavyoona, tatizo lilikuwa palepale kwenye sinia.

Kidonge hiki kina wivu. Hata tumbo likiwa tupu kabisa, kinachoingia kwenye damu ni kama asilimia 60 hadi 80 tu ya ulichomeza. Kikikuta chakula, hupungua. Kikikuta kalsiamu au madini ya chuma, hushikana navyo humohumo tumboni, kikawa kitu ambacho utumbo hauwezi kukifyonza, na wewe ukakitoa chooni na pesa zako. Maziwa ya chai yana kalsiamu. Dawa ya kiungulia yenye alumini au magnesiamu nayo hukizuia. Kwa hiyo kila asubuhi ulikuwa unakizungushia maadui wanne, halafu daktari, asiyejua habari za sinia, anaona TSH imepanda na anakuongezea dozi. Hiyo TSH ni ubongo unaidai tezi ifanye kazi. Homoni ikipungua kwenye damu, dai linapanda.

Kahawa chungu nayo isikudanganye kwa kuwa haina maziwa. Mwaka 2008 madaktari wa Italia waliandika juu ya wagonjwa waliokuwa wakimeza kidonge hiki pamoja na kahawa yao ya asubuhi, nayo ikawa inapunguza ufyonzaji. Kwa hiyo maji tu. Hata lile dafu lisubiri.

Bahati yako ni kwamba unaamka Alfajiri, jambo ambalo mimi nalifanya kwa kupigwa mateke na saa. Kiweke kidonge karibu na kitanda. Ukiinuka kutia udhu, kimeze na glasi ya maji. Chai unakunywa saa moja asubuhi, na kinachotakiwa ni nusu saa hadi saa nzima, kwa hiyo muda unao na unabaki. Kidonge cha damu kihamie baada ya chakula cha mchana, na usikishushie chai maana chai huzuia hata hicho chuma chenyewe. Kamulia ndimu kwenye maji yako. Kalsiamu iende na chakula cha usiku. Kuanzia kidonge cha tezi hadi hivyo viwili, na hadi cha kiungulia, pasipungue saa nne.

Najua utauliza Ramadhani. Hapo Alfajiri haifai, kwa kuwa daku liko kabla yake. Ama uamke nusu saa au zaidi kabla ya daku, umeze na urudi kujilaza. Ama umeze unapoingia kulala, ikiwa saa tatu zimepita tangu tonge la mwisho. Kumeza usiku si uvivu: Waholanzi walilipima jambo hili, wakatoa matokeo mwaka 2010, na wagonjwa waliomeza wakati wa kulala walionyesha vipimo vizuri kuliko walipomeza asubuhi. Lakini wewe na futari zako zinazoendelea mpaka baada ya tarawehe, saa tatu hizo sijui utazipata wapi. Chagua daku.

Sasa sikiliza hapa, maana hii ndiyo iliyonifanya niandike badala ya kusubiri. Usianze kesho kimyakimya. Hiyo 100 umepewa kwa mujibu wa dawa iliyokuwa ikipotea. Ukianza kuimeza sawasawa, huenda ikaingia nyingi kuliko unavyohitaji, na dalili zake ni moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, kukosa usingizi. Na kwa umri wako moyo si wa kuchezewa. Mwambie daktari ulikuwa ukimeza vipi. Mwambie na chai, usione haya. Aamue dozi, halafu damu ipimwe baada ya wiki sita hadi nane, kwa kuwa kabla ya hapo TSH haijatulia. Ukisahau siku moja usitaharuki. Dawa hii hukaa mwilini, hata kupungua nusu huchukua kama wiki.

Na vile vidonge vya nywele ulivyoletewa kutoka Dubai vina bayotini, aina ya vitamini. Havigombani na dawa, ila vinaweza kukichezea kipimo kikatoa jibu la uongo. Viache angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu.

Jumamosi nakuja, tutakwenda kliniki pamoja. Mfuko wa dawa usiufiche kabatini kama mara ile. Mahamri niwekee mawili.

Mpwa wako