Wito wa Harambee: Picha za Lindi Zisiishie Tumboni mwa Mchwa

Ndugu wana-Lindi mlioko nyumbani, nanyi mlioko Dar es Salaam, Mtwara na ughaibuni,

Sisi, kikundi cha wazee na vijana wa Lindi mjini tunaokutana kila Jumamosi alasiri barazani, kata ya Ndoro, kukusanya picha za zamani za mji wetu, tunawaomba mtuchangie shilingi 3,600,000 ili picha hizo zinakiliwe, zihifadhiwe mahali pasipoingia unyevu, na maelezo ya wazee wanaozitambua yaandikwe wangali nasi.

Picha iliyotuchekesha kuliko zote ilipigwa studio. Kijana amesimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi za kasri, kavaa koti jeusi, na mkono wa kushoto ameupandisha kifuani ili saa ionekane. Wiki iliyofuata nyumba nyingine ikaleta picha ya mtu mwingine ndani ya koti lile lile, mabega yakiwa yamemzidi. Ilipofika ya tatu tukaazima kioo cha kukuzia, tukakuta saa zote tatu zinaonyesha saa nne na dakika kumi. Mzee mmoja akatueleza kwamba koti na saa vilikuwa mali ya mpiga picha, na saa yenyewe ilikuwa imekufa siku nyingi. Mteja alilipia picha tu, umaridadi akaazimwa bure. Mtani wake akadakia, "Ndiyo maana baba yako siku ile alikimbizwa hadi sokoni, alisahau kulivua!" Kazi ikasimama kwa muda.

Hayo yote hayamo nyuma ya picha, ambako pameandikwa "Lindi" basi. Nasi tunajua picha isiyo na jina inavyouma. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kule kilima cha Tendaguru, zaidi ya tani 200, ikabebwa na wapagazi hadi bandari yetu na kupelekwa Berlin, ambako yule mjusi mkubwa amesimama makumbusho hadi leo. Jina la msimamizi wa uchimbaji, Boheti bin Amrani, linajulikana, lakini wengi wa waliobeba mizigo ile wamebaki sura tu kwenye picha, bila mjukuu wa kusema, "Huyu ni babu."

Hewa ya bahari haina huruma na karatasi. Unyevu hulainisha utando wa jelatini unaobeba sura, picha ikagandamana na kioo cha fremu. Kwa hiyo tunawasihi msiibandue kwa nguvu, bali muilete na fremu yake tuinakili hivyo hivyo. Albamu moja ya kimbunga cha Aprili 1952 tuliipokea ikiwa imeshaliwa: mchwa wamekula watu, wakaacha mabati yaliyong'olewa.

Fedha tunazoomba zitatumika hivi: shilingi 1,400,000 kwa skana, 900,000 kwa makasha na bahasha za karatasi isiyo na asidi, 500,000 kwa diski mbili za kuhifadhia nakala, ambazo zitawekwa katika nyumba mbili tofauti, na 800,000 kwa kuchapisha picha kubwa za maonyesho ya wazi hapa mjini. Kompyuta tunayo, nzee kidogo, lakini inaamka.

Mweka hazina hupokea michango barazani kila Jumamosi na kutoa stakabadhi papo hapo. Mlio mbali mnaweza kuwatuma ndugu zenu walioko Lindi. Hesabu itasomwa hadharani kila mwisho wa mwezi. Picha halisi hurudishwa kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, na hakuna itakayoonyeshwa bila idhini ya familia, maana tunafahamu wapo akina babu waliopiga picha na wachumba ambao hawakuja kuwa bibi zetu.

Asiye na fedha alete picha. Asiye na picha atuletee bibi yake aje kututambulishia watu, nasi tutamrudisha nyumbani kabla ya adhana ya magharibi.