Shoga, chai ya Mombasa si hiyo uliyokunywa

Kericho, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenu kwenye baridi. Mvua imeanza saa nane kama kawaida yake, wasichana wa bweni wamejifungia, nami nimejifunika blanketi miguuni nikisikiliza tena ule ujumbe wako wa sauti. Nimeusikiliza mara tatu. Joto la Mombasa umelizoea. Feri umeizoea. Walimu wenzako wamekupokea vizuri, Alhamdulillahi. Kisha ukanyamaza kidogo, ukasema: "Lakini chai ya kwenu, shoga, imenishinda."

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wewe umezaliwa katikati ya michai, babako amepeleka majani kiwandani tangu hujajua kutembea, kwa hiyo ukisema chai ni mbaya nakuamini. Ila nakuomba usiipe Mombasa lawama bado. Ulichokunywa wiki hizi mbili ni maji ya chumvi yaliyotiwa majani.

Tuanze na hayo maji. Ulisema chai inafanya utando juu, na ukikigeuza kikombe inaacha mstari wa kahawia ukingoni. Hiyo ni dalili ya kisima. Kisiwa chetu hakina mto. Maji ya mfereji yanatoka mbali, mengine chemchemi ya Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, mengine Baricho kando ya mto Sabaki, mengine Marere milima ya Kwale, na hayatoshi mji mzima. Mferejini yanakuja kwa siku. Ndiyo maana wenye nyumba wengi, hasa huko Bamburi unakokaa, wamechimba visima, na maji yake yana chumvi na chokaa. Kuoga yanafaa, kufulia yanafaa ukivumilia sabuni isiyotoa povu. Chai yanaiua.

Sisi watu wa pwani tukisema maji baridi hatumaanishi ya friji. Tunamaanisha yasiyo na chumvi. Mwambie yule kijana wa mkokoteni, "Niletee mtungi wa maji baridi," na kabla hajakumiminia, chovya kidole uonje. Usione haya, kila mama anafanya hivyo, na mwuzaji mwema hakasiriki. Wapo wanaochanganya. Weka mtungi huo mmoja wa chai peke yake, usiuguse kwa kingine chochote.

Jambo la pili sikulijua mpaka nilipohamia huku. Kericho tuko juu, karibu mita 2,000, na maji huchemka kama nyuzi 93 tu. Mwezi wangu wa kwanza hapa nilikuwa napika chai kama nilivyofundishwa kwetu, ikitoka nyepesi, na wewe ndiwe uliyenionyesha kuiacha itokote muda mrefu. Unakumbuka? Sasa umekwenda na mkono huohuo ufukweni, ambako maji yanafika 100 kamili. Majani yaleyale, muda uleule, yanatoa ukali unaokwaruza koo. Punguza muda. Mamangu huchemsha maji kwanza na tangawizi iliyopondwa, iliki na kipande cha mdalasini. Ndipo anapotia majani, anayaacha yapande mara mbili, ndipo maziwa. Tangawizi mbichi usiikutanishe na maziwa kabla haijaiva majini, maana maziwa yatakatika na sufuria nzima itamwagwa.

Basi, nje ya nyumba uende wapi?

Nenda Mji wa Kale asubuhi, siku ya Jumamosi usipokuwa na darasa. Shuka karibu na Fort Jesus, uingie barabara ya Ndia Kuu kwa miguu, usipande tuktuk, kwa sababu utakachofuata ni pua yako. Kabla jua halijawa kali utasikia mafuta ya mahamri na iliki inayochemka kutoka vichochoroni upande wa Kibokoni. Ile mikahawa midogo haina vibao, na mingine ni meza mbili na benchi. Usiangalie viti. Angalia sufuria. Mkahawa mzuri unapika sufuria ndogo, inakwisha, anapika nyingine. Ukiona chupa tatu kubwa za chai zimepangwa na jiko limezimwa, jua chai hiyo imelala humo tangu alfajiri, na maziwa yaliyolala kwenye chupa yana ladha ya bati. Uliza tu: "Hii imepikwa saa ngapi?" Mwenye chai nzuri atakujibu kwa fahari.

Ukitaka isiyo na maziwa usiseme turungi kama huku. Watakuelewa, ila kwetu ni mkandaa. Mkandaa ni ule mti wa mikoko ambao gamba lake linatoa rangi nyekundu ya kutilia ngozi, na chai ya kweli isiyo na maziwa ikishikwa juani kwenye bilauri inafanana nayo hasa, nyekundu inayong'aa mpaka ukaona kidole chako upande wa pili. Hiyo ndiyo ya kupimia mkahawa. Viungo na maziwa vinaweza kuficha majani mabovu. Mkandaa hauwezi kuficha kitu. Mimi nikiingia mahali pageni huagiza mkandaa kwanza, ukiwa mzuri ndipo naagiza ya maziwa na mahamri manne na mbaazi za nazi. Lichovye hamri kwenye mchuzi wa mbaazi, si kwenye chai. Kwenye chai linaacha mafuta.

Nikwambie ukweli kuhusu hiyo mikahawa, maana wewe ni mwanamke peke yako. Mingi ni baraza za wanaume. Hakuna atakayekutendea vibaya, watakuita dada na watakupisha, lakini kukaa saa nzima ukisahihisha madaftari hutastarehe. Kwa hilo nenda Jahazi Coffee House, hapohapo Ndia Kuu. Jina lisikutishe, chai ya viungo ipo, na kuna mito ya kuegemea kama nyumbani kwa watu. Nimesoma hapo mitihani yangu mingi. Ukichoka unatoka mlangoni unatazama milango ya mbao iliyochongwa, ukipumzika unarudi.

Jioni, Bondeni. Kuna chai ya Wasomali, wao wanaiita shaah, imekolea iliki na mdalasini na karafuu. Sema mapema sukari kidogo, la sivyo utaletewa tamu isiyonyweka. Mwanzo sikuipenda, nikiona viungo vimeyashinda majani, lakini usiku wa upepo wa kusi, ukitoka kazini umechoka, hakuna kinachofanana nayo. Chai ya karak nayo imeingia siku hizi, wameileta ndugu zetu waliokwenda kutafuta riziki Dubai na Doha, na vijana wanaipanga foleni. Inapikwa kwa maziwa ya kopo. Ijaribu mara moja ujue. Mimi naona maziwa yanameza kila kitu.

Mama Ngina, ile barabara ya ufukweni, usiende kwa ajili ya chai. Nenda kwa upepo na muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, utazame meli zikiingia bandari ya Kilindini.

Na hoteli kubwa za ufukweni nakuomba uzikwepe kwa habari hii. Likizo iliyopita nilimpeleka mamangu kwenye moja, sitaitaja, nikitaka siku moja atumikiwe yeye badala ya kututumikia sisi. Wakatuletea vikombe vitupu, pakiti mbili za chai kwenye kisahani, na maji vuguvugu kwenye birika la chuma. Maziwa yalikuwa baridi. Pakiti ilielea juu kama imekataa kuzama. Mamangu akainywa yote kwa sababu mimi ndiye niliyelipa, na bei yake ingenunua kilo nzima ya majani na mabaki yakatosha iliki. Njiani kurudi alikuwa kimya. Tulipofika akaingia jikoni na buibui lake bado mwilini, akabandika sufuria. Mpaka leo nikikumbuka naumia. Nchi inayolima chai kama yetu, na mgeni anapewa maji ya uvuguvugu.

Iliki usinunue dukani kwenye pakiti ya unga. Nenda Marikiti, kisha uingie Langoni kwa wauza viungo. Chagua maganda ya kijani yaliyofunga, uyabonyeze. Likiwa jepesi na limepauka, ndani hamna kitu. Mwambie akupimie kidogo, kwa sababu iliki ni ghali na ikikaa na joto la huko inapoteza harufu upesi. Mchaichai utaupata hapohapo, mafungu mabichi. Chai ya mkandaa yenye mchaichai na bila sukari ndiyo niliyokunywa nikiwa na homa tangu utotoni.

Sasa nataka nikupeleke mahali ambapo hakuna mtu atakayekuuzia kikombe. Siku moja ya Jumanne pita Nyerere Avenue, utaliona jengo la Tea Trade Centre. Ule mnada wa chai ambao babako huutaja kila bonasi ya wakulima ikichelewa, "huko Mombasa", nyumbani kwake ni hapo. Ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa 1969, na sasa ndio mnada mkubwa kuliko yote duniani wa chai nyeusi. Si ya Kenya peke yake. Ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi, zote zinateremka kwetu. Zamani wanunuzi walikaa ukumbini wakipaza sauti. Tangu 2020 wanabonyeza kwenye kompyuta, na sehemu kubwa inakwenda Pakistan na Misri. Kinachobaki nchini ni kidogo sana.

Mjomba wangu alifanya kazi kwenye maghala ya Shimanzi miaka mingi. Akirudi nyumbani tulikuwa tunamnusa kabla hajabisha hodi, nguo zake zote chai. Yeye ndiye aliyenifundisha majina ya madaraja ya chai. BP1 punje kubwa, PF1 ndogo zaidi, halafu PD na Dust. Alikuwa akimwaga kijiko cha PF1 kwenye kiganja chake, anapulizia pumzi ya joto, ananiambia ninuse hapohapo kabla haijapoa. Majani mazuri yakipata joto la pumzi yanatoa harufu ya nyasi mbichi na asali kidogo. Yaliyokaa sana hunuka gunia. Fanya hivyo unaponunua ya kupima. Mimi sijawahi kudanganyika tangu nijue.

Kwa hiyo shoga, matatu yako ikipita Shimanzi fungua dirisha. Siku za joto harufu inatoka mpaka barabarani. Mimi nikiwa mtoto nilidhani hiyo ndiyo harufu ya mji wetu. Nilipofika Kericho mara ya kwanza, basi liliposimama karibu na kiwanda na harufu ileile ikaingia, nililia, nawe ulikuwa hujanijua bado. Nilidhani nimepotea, kumbe nimefika inakotoka. Leo wewe uko upande wa pili, na inawezekana kabisa, wallahi, kwamba katika magunia yale mna majani yaliyochumwa kwenu, yale mawili na chipukizi, ambayo ulinifundisha kuyavunja kwa kidole gumba bila kuyaponda.

Namaliza maana karatasi inakwisha. Kesho asubuhi napeleka mzigo kwenye basi la Mombasa, nitakutumia namba ya risiti kwa simu. Ndani mna pakiti mbili za kilo moja za Fahari ya Kenya, nimezichukua hapahapa mjini. Moja yako. Ya pili ni ya mamangu, na ndiyo inayokupa sababu ya kwenda. Ingia Kibokoni baada ya sala ya alasiri, ukifika penye duka la mkaa uliza nyumba ya mama wa mwalimu aliyekwenda Kericho, mtoto yeyote atakupeleka. Mwamkie vizuri, shikamoo yako isiwe ya haraka. Atakwambia huna haja ya kuvua viatu, vua. Atakuuliza kama nala, kama nimekonda, na kama kile kikohozi kimepona. Mwambie kimepona.

Atakuuliza pia chai yako unaipendaje. Usimwambie "yoyote tu". Mwambie kama unavyoinywa nyumbani kwenu, majani mengi, sukari kidogo, kisha kaa hapo jikoni umtazame akiipika. Halafu uniandikie kila kitu: sufuria gani ametumia, amevaa leso gani, na kama bado anaiteka kwa upawa na kuimimina kutoka juu hadi povu lijae mdomoni mwa sufuria.

Wako akupendaye,
shogako wa Kibokoni