Barua kwa mwanangu: kidimbwi chetu cha Jumamosi

Mwanangu mpendwa,

Ni saa tatu na nusu usiku. Wewe umelala tangu saa moja, na kisigino chako cha kushoto bado kina tope, maana usingizi ulikuchukua kabla sijamaliza kukuosha miguu. Nimeliacha hilo tope. Mdogo wako yupo begani kwa mama yako, jino linamsumbua, na kila wanapopita mlangoni nasikia wimbo uleule ukirudiwa kwa sauti ya chini. Mimi nimekaa mezani nakuandikia kabla siku hii haijanitoka.

Leo una miaka minne na miezi miwili. Barua hii utaisoma ukiwa umeshajua kusoma vizuri, na huenda wakati huo utakuwa unaona haya nikikuita "mama" mbele ya rafiki zako. Nitaendelea kukuita.

Watu wakitazama picha zetu za Jumamosi wanaona majani, maji, na wewe ukicheka. Hawaioni saa nzima iliyotangulia. Leo asubuhi tulikuwa tumeshafunga mlango, mkoba begani, chupa za maji zimejaa, nguo za kubadili zipo, taulo ipo, mdogo wako akaamua kuwa huo ndio wakati wa kuchafua nepi. Tukarudi ndani. Nepi ikabadilishwa. Tukatoka tena, ukasema mkanda wa kiatu chako cha kulia umelegea, nikainama nikufungie, ukaurudisha mguu nyuma. "Mwenyewe, baba."

Ukaketi kwenye ngazi. Ukauingiza mkanda kwenye tundu, ukatoka. Ukauingiza tena, ukatoka. Ulimi ulikuwa umeutoa pembeni ya mdomo, na kijasho kilikutoka juu ya mdomo kana kwamba unabeba mzigo. Zamani kidogo, na sikufichi, ningekuwa nimeshakunyanyua na kiatu mkononi, tukamalizia mbele ya safari. Leo nimeketi ngazi ya chini yako nikakutazama. Mara ya sita ukaingia, ukakaa. Hukuniambia neno. Ulinyanyuka tu ukatangulia.

Nataka ujue nilikojifunzia kuketi kwenye ile ngazi, maana sikuwa hivyo.

Kabla ya kidimbwi, kulikuwa na safari kubwa. Mimi na mama yako tulifanya kazi wiki nzima, tukaona wikendi ni lazima ifidie siku zote ambazo tulikuwa tunakuona asubuhi kwa haraka na jioni ukisinzia. Nikapanga nikupeleke mbali, ukawaone wanyama wakubwa. Nilipanga kwa wiki mbili. Siku yenyewe nikakuamsha kukiwa bado giza, nikakufunga kwenye kiti chako cha gari, tukaendesha saa tatu karibu bila kusimama. Ulilia saa ya kwanza, ya pili ukanyamaza ukitazama kiti cha mbele, ya tatu ukalala fofofo. Na tulipofika, nikakuamsha tena.

Ulilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwako. Nilikubeba nikakuonyesha mnyama mkubwa kuliko nyumba yetu, ukaficha uso shingoni kwangu. Nilipokushusha ukakimbilia bomba lililokuwa linavuja karibu na vyoo, ukachuchumaa kutazama sisimizi wakinywa pembeni ya matone. Ulikaa pale. Nikakuita mara tatu. Mara ya nne nikakufokea mbele za watu, nikakuambia tumetoka mbali sana ili utazame sisimizi. Ukanitazama machoni. Mwanangu, yale macho bado ninayo, na maneno yale nayajutia. Hukuwa umekosa chochote.

Baadaye nilisoma nikaelewa nilichokuwa nimekufanyia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa umri wako anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwa ndani yake. Anahitaji kukimbia, kuruka na kucheza kwa dakika zisizopungua 180. Na asifungwe kwenye kiti au kigari zaidi ya saa moja mfululizo. Mimi kwa siku moja nilikuibia usingizi wa alfajiri, nikakuibia wa mchana, nikakufunga saa tatu kwenda na tatu kurudi, kisha nikataka ufurahi. Ulikuwa umechoka mpaka mwisho wa uchovu, na mtoto aliyechoka hivyo hana namna ya kusema "nimechoka". Analia tu, au anatafuta kitu kidogo kinachomtosha macho. Wewe ulipata sisimizi.

Usiku ule, tukiwa njiani kurudi, ukasema kwa sauti ya usingizi: "Baba, kesho twende kwenye maji ya vyura."

Maji ya vyura ni kile kidimbwi ulichokiona siku moja tulipokuwa tunapita kwa miguu, mwendo wa dakika 20 kutoka mlangoni kwetu, dakika 45 kwa mwendo wako. Nilikuwa nimeshakisahau. Tukaenda. Na Jumamosi iliyofuata ukasema twende tena, na iliyofuata tena. Nilipendekeza kwingine, ukakataa. Nilidhani utakichoka. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kutazama.

Jumamosi ya kwanza kulikuwa na mayai, mengi, yameshikamana kama ute mzito, kila moja lina doa jeusi katikati. Uliniuliza nani ameyatazama mpaka yakawa na macho. Jumamosi iliyofuata madoa yalikuwa yamerefuka, mengine yanatikisika. Ya tatu maji yalikuwa meusi kwa viluwiluwi, vichwa na mikia tu, wanatafuna ukijani uliofunika mawe. Ukawahesabu mpaka kumi na nne, ukarudi tisa, ukaendelea.

Ile Jumamosi ambayo mdogo wako alikuwa na homa hatukutoka. Ulisimama dirishani ukilia, nikafikiri unalilia matembezi. Ukaniambia: "Miguu itaota na mimi sipo." Nilikuwa nimekueleza katikati ya wiki kwamba miguu ya nyuma hutangulia, ya mbele hufuata. Sikujua kwamba umelibeba neno hilo siku zote zile.

Na kweli, tuliporudi, miguu ya nyuma ilikuwa imeota, myembamba kama nyuzi, imening'inia tu haijui kazi yake. Wengine walikuwa wakipanda juu kuvuta hewa kisha wanazama tena, maana kiluwiluwi akikua mapafu huanza kuchukua nafasi ya matamvua anayopumulia ndani ya maji. Wiki chache baadaye, ya mbele. Halafu mkia ukaanza kufupika na ukashikwa na wasiwasi mkubwa. Ulitafuta mikia iliyodondoka chini ya mawe, kando ya maji, kwenye majani. Nikakuambia haidondoki, mwili wenyewe unaunyonya mkia taratibu, unautumia kama chakula wakati mdomo wake unabadilika na hawezi kula vizuri. Ulinyamaza kidogo, ukajipapasa nyuma, ukaniuliza wako ulinyonywa lini.

Unaona, mama? Ningekupeleka kila wiki mahali papya, tusingeona hata mguu mmoja ukiota. Kitu hiki huonekana kwa anayerudi tu. Wewe ulilijua hilo bila kuambiwa, kama unavyotaka hadithi ileile kila usiku na ole wangu nikibadilisha neno.

Sasa nikuandikie jambo ambalo ni zito kwangu, na nataka ulisikie kutoka kwangu.

Jumamosi ya tano, au ya sita, mama yako alikuwa amekwenda kuchukua taulo tuliyoiacha njiani. Mlibaki nami. Wewe ulikuwa umelala kifudifudi juu ya jiwe, pua karibu iguse maji. Mdogo wako alikuwa kwenye majani nyuma yangu. Simu ikatikisika, ujumbe wa kazini, nikausoma, nikaanza kuujibu. Nilisikia sauti yako: "Baba, mtoto!" Nikageuka, mdogo wako alikuwa ameshatambaa mpaka ukingoni, mikono yote miwili ndani ya maji, anajisukuma mbele. Maji yenyewe hapo hayafiki hata goti lako. Nikamrukia, nikamshika nguo.

Hakulia. Hakupiga kelele. Ndivyo ilivyo, mwanangu: mtoto mdogo huzama kimya, bila kurusha maji wala kuita, na sentimita chache za maji zinatosha kufunika pua na mdomo wake. Kichwa chake ni kizito, mikono bado haina nguvu ya kumnyanyua. Nililijua hilo. Nililijua, na bado nilikuwa nasoma ujumbe ambao leo hata sikumbuki ulihusu nini.

Ulimwokoa mdogo wako. Sikukuambia kwa maneno hayo siku ile, kwa sababu sikutaka ubebe mzigo ambao ni wangu. Kumlinda si kazi yako, ni yangu na ya mama yako. Ila ulikuwa unatazama wakati mimi sitazami, na hilo lazima liandikwe mahali. Tangu siku hiyo tumeweka utaratibu ambao haujavunjwa: simu zinakaa ndani kabisa ya mkoba, na tukiwa karibu na maji mtu mzima mmoja ana kazi moja tu, kukaa umbali wa mkono kutoka kwa mdogo wako. Anayechoka anamwambia mwenzake "shika", na mwenzake anajibu "nimeshika", kwa sauti. Umetusikia tukisema hivyo mara nyingi mpaka nawe unamwambia mwanasesere wako.

Kuna jambo jingine ninaloliwaza usiku kama huu. Watu wazima wengi hawakumbuki kitu cha kabla ya miaka mitatu, mitatu na nusu hivi. Mdogo wako hatakuwa na kumbukumbu hata moja ya kidimbwi hiki. Wewe uko ukingoni. Labda utabaki na kipande, harufu ya tope, au ubaridi wa lile jiwe tumboni. Ndiyo maana nikikulaza kila Jumamosi nakuuliza tuliona nini kwanza, halafu ikawa nini, nani alisema nini. Waliochunguza kumbukumbu za watoto wameona kwamba mtoto anayezungumzishwa kwa kina juu ya mambo yaliyompata huyashika vizuri zaidi. Lakini hata wasingeona hivyo ningekuuliza, kwa sababu napenda majibu yako.

Leo nilikuuliza, nikitarajia utaanza na chura. Ukaanza na mama yako. Kiatu chake kilinasa kwenye tope, mguu ukatoka peke yake, akasimama kwa mguu mmoja akiwa ameshika bega langu, akacheka mpaka machozi. Nilikuwepo, mwanangu, bega lilikuwa langu, na nilikuwa nimeshalisahau. Nimeliandika hapa kwa ajili yako na kwa ajili yangu.

Chura nitamweleza mimi, basi.

Alikuwa kwenye jani, pembeni, nje kabisa ya maji. Mdogo kuliko ukucha wa kidole changu gumba. Mkia ulikuwa umebaki kama nundu tu. Ulimwona kabla yetu sote. Hukumgusa. Ulichuchumaa ukaweka kiganja chini mbele yake, ukangoja. Mimi nilikuwa nimeshika zamu ya mdogo wako, kwa hiyo nilikuona kwa kuibia, mgongo wako, visigino, nywele zilizokuangukia shingoni. Ulingoja muda mrefu sana kwa mtoto wa miaka minne. Koo lake lilikuwa linapanda na kushuka. Kisha akaruka, si kiganjani kwako, akapita pembeni ya kidole chako kidogo, akaingia kwenye majani marefu akapotea.

Nilijiandaa kwa kilio. Ukanyanyuka, ukajifuta mikono, ukaniuliza: "Atarudi?"

Nikasema sijui, maana mdogo wako alikuwa anavuta nywele zangu na mama yako alikuwa anatafuta kiatu. Tukaondoka. Njiani hukuuliza tena, lakini uligeuka nyuma mara mbili.

Nimelifikiria swali lako jioni nzima, na nina jibu lililo bora kuliko lile. Vyura wa aina nyingi wakikomaa hurudi kutaga kwenye maji yaleyale walikotokea, hata kama wamekaa mbali kwa muda mrefu. Wa kwako ni mdogo bado, ana nchi kavu ya kuizoea kwanza. Inaweza kupita mwaka, inaweza kupita zaidi. Nitakuambia asubuhi ukiamka, kabla hujaniuliza jambo jingine.

Viatu vyako nimeviosha nikaviweka dirishani. Cha kulia nimekiacha na mkanda wake haujafungwa.

Baba yako