Saumu, nitafutie jina la kanga

Sinza, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Mwenzangu Saumu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, namshukuru Mungu, na natumai hapo Ngamiani wote hamjambo. Shikamoo ya bibi uifikishe kwanza, kisha urudi usome. Tangu Zuhura aolewe sijakuandikia, na simu zetu zimekuwa za dakika mbili: "Mzima?" "Mzima." Basi. Kimya hiki ni changu, unisamehe. Kukusahau sijakusahau, na ukisoma mpaka chini utaona kwamba wiki tano hizi nimekuwa nakaa na wewe mezani kila usiku.

Shida yangu ni hii: nahitaji jina la kanga. Majina ya dukani ninayo mengi, nataka jipya, na wa kunitafutia ni wewe na bibi.

Kazi ya mwisho ya mwaka wa tatu hapa chuoni kila mtu anajichagulia. Wengine wanatengeneza nembo, mwenzetu mmoja anachora programu ya simu kwa ajili ya wauza samaki wa Feri. Mimi nikasema nitachora kanga. Mwalimu akaniuliza kwa nini. Sikuwa na maneno, nikafungua begi nikatoa ule upande wangu, nikautandaza mezani mbele ya darasa zima.

Unakumbuka siku ile naondoka, mabegi yapo mlangoni, Kaka Hemedi anapiga honi? Bibi akatoa doti mpya sandukuni, akaipasua katikati kwa mkasi wa kushonea, upande mmoja akanipa mimi, wa pili akakupa wewe. WEMA HAUOZI. Nyekundu iliyoiva, nyeusi, na nyeupe ya kitambaa chenyewe, korosho kwenye kona nne na ua kubwa katikati. Wangu umekuwa shuka, pazia, kifuniko cha meza, na mwaka jana nilipougua homa nilijifunika huo huo. Sasa una matone ya wino ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote. Nimeupima kwa rula sentimeta kwa sentimeta, na nikagundua kitu ambacho miaka yote hatukukiona: A ya WEMA ni nyembamba kuliko A ya HAUOZI. Maana yake herufi zile hazikutoka kwenye mashine. Kuna mtu alikaa akazichora kwa mkono moja moja, na mkono wake nauona kila nikiutazama upande huo. Nilipoliona hilo nilikuwa peke yangu chumbani, nikasimama.

Ngoja kwanza. Mwezi wa pili uliniuliza tunasomea nini hasa huku, nikakujibu "kuchora", salio likaisha. Leo nikujibu vizuri.

Mwaka wa kwanza kompyuta hatukuigusa kwa miezi. Ilikuwa brashi na wino, herufi A ukurasa mzima, kesho B, mpaka Neema, mwenzangu wa chumbani, akaota anakimbizwa na A. Tulichanganya rangi kwenye visahani mpaka vidole vikakataa kutakata. Mwaka wa pili ndipo zikaja kazi za kila aina: jalada la kitabu, bango la watoto kunawa mikono, lebo ya asali ya Tabora. Ile lebo ilinifunza kwa uchungu. Kwenye kompyuta nilipata kijani kinachong'aa kama jani la mvua ya kwanza, kikatoka kwenye karatasi kimefifia kama mchicha uliolala. Kumbe kioo cha kompyuta kinatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na buluu, na mashine ya kuchapa inatumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Zipo rangi ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi. Tena sikuacha milimita 3 za ziada pembeni kwa ajili ya kisu, nyuki wangu wakakatwa mabawa. Nililipia lebo zote 100, na hakuna hata moja iliyofaa.

Kazi niliyoipenda kuliko zote za mwaka ule ni ya hospitali. Tulipelekwa hospitali moja kubwa, tukakaa kwenye mabenchi siku mbili kuangalia watu wanavyopotea. Mzee mmoja alipita mbele yangu mara tatu na karatasi ya vipimo mkononi. Kibao cha maabara kilikuwa juu ya mlango, kimenyooka, kimeandikwa sawasawa, lakini mzee hakuwa na macho ya kusoma herufi ndogo kule juu. Mara ya tatu nikainuka nikampeleka mwenyewe. Nikachora mistari ya rangi ya kupaka sakafuni, wa maabara una tone la damu, wa dawa una kidonge, mtu anafuata mguu wake tu. Alama nilipata nzuri, ila mistari yenyewe haijapakwa mpaka leo, na inaniuma nikimkumbuka yule mzee.

Haya, turudi kwenye jina.

Nilianza kwa kwenda Mtaa wa Uhuru, Jumamosi nne mfululizo. Yule mama aliyekuwa akimuuzia mama yako mali ya biashara bado yupo, amenikaribisha kiti. Alinifundisha kuitazama kanga kama wao wanavyoitazama: kwanza pindo, kama limekaa sawa pembe zote nne; halafu mji, yaani mchoro wa katikati; mwisho jina. "Lakini mteja," akaniambia, "anaanza na jina." Na kweli, nilikaa pale saa tatu nikaona. Mtu anafunuliwa doti baada ya doti, hasemi "nionyeshe ya buluu", anasema "hii inasemaje?" Kuna dada alipenda rangi mpaka akaishika mashavuni, aliposomewa jina akairudisha. Alikuwa anampelekea wifi yake na hakutaka ugomvi.

Nimesoma pia ilikotoka. Karne ya 19, wanawake wa pwani walikuwa wananunua leso zikiwa bado kwenye jora, wanakata vipande, wanashona sita pamoja kupata nguo moja. Baadaye ndipo ikaja nguo nzima. Pale Mombasa kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, hao wa "Mali ya Abdulla", wenyewe wanasema lilianza 1887, na ndio wanaotajwa sana habari za kutia methali kwenye kanga. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nilipofika hapo nikamwona bibi na miwani yake, anaandika orodha ya vitu vya sokoni kwa herufi zile zile. Kuna jambo nitamwomba, nalieleza chini.

Kuchora kwenyewe nilianza kwa vijipicha vidogo vya ukubwa wa kiberiti, vimefika 80 na kitu. Kikinivutia kimoja nakikuza. Cha kwanza kilikuwa na rangi 7, nikajiona nimemaliza. Mwalimu wa karakana akanipeleka kwenye fremu, akaniambia nichape mwenyewe. Saumu, kila rangi ina fremu yake! Unakaza kitambaa chepesi kwenye fremu, unapaka dawa, unaweka mchoro juu, unapiga taa. Palipofunikwa na mchoro dawa haigandi, unaiosha kwa maji, na hapo ndipo wino unapopenya ukiusukuma kwa mpira. Fremu ikisogea kidogo tu, nyekundu inatoka nje ya mstari wake. Rangi 7 ni fremu 7, na nafasi 7 za kukosea. Nilipunguza mpaka 5, mpaka 4, nikaishia pale pale alipoishia yule aliyechora yetu: nyekundu, nyeusi, na weupe wa nguo usiogharimu kitu. Nilimheshimu zaidi.

Halafu kuna jambo la mwili. Niliunganisha karatasi mpaka zikafika meta 1.5 kwa 1.1, nikamfunga Neema kiunoni. Ua langu la katikati, nililolihangaikia wiki nzima, nusu likazama kwenye mkunjo. Jina ndilo lililobaki wazi, nyuma, chini ya kiuno, linasomeka vizuri kabisa. Kwa hiyo nikabomoa mji wote nikauchora upya kwa kufikiria mtu anatembea.

Nikampelekea mwalimu. Akaizunguka, akainama akatazama pindo, akasema, "Imechorwa vizuri. Lakini haisemi." Kwa kuwa kwenye nafasi ya jina nilikuwa nimeandika JINA LITAKUJA.

Na hapo ndipo nilipokwama. Ninachokitaka ni hiki, nisikilize vizuri. Doti ina pande mbili zinazofanana, jina ni lile lile. Nataka kanga ya watu waliogawana, kama sisi. Mmoja ameondoka, mwingine amebaki. Jina lazima liwe kweli mdomoni mwa aliyeondoka na liwe kweli mdomoni mwa aliyebaki, bila kubadilisha neno hata moja. Mwanzo nilitaka kudanganya, niweke majina mawili, huku swali na kule jibu. Yule mama wa Uhuru akakataa katakata: "Hiyo si doti, hizo ni kanga mbili." Ana haki.

Nimejaribu TUKO PAMOJA, ikawa kama bango la mkutano wa hadhara. UMBALI SI KITU, nikaifuta mwenyewe maana si kweli. Umbali ni kitu. Ile homa ya mwaka jana hapakuwa na mtu wa kunikorogea uji mpaka Neema aliporudi kutoka kwao. NILIKOACHA MOYO NITARUDI, ni nzuri, lakini aliyebaki ataisemaje? NUSU YANGU UNAYO niliipenda sana, nikailalia siku mbili. Nikamsomea yule mama, akacheka mpaka akashika meza: "Mwanangu, watu watadhani unadai deni!"

Na hata ile ilikuwa na tabu ya herufi. Andika UNAYO kwa herufi kubwa uone: A na Y zikikaa jirani zinaacha shimo, kama jino limeng'oka. W na A ni hivyo hivyo, na Kiswahili chetu kimejaa WA na YA, huku Q na X zimekaa bure. Ukiziachia kompyuta nafasi inatoka mbaya, nazisogeza moja moja kwa mkono. Kwa hiyo ukipata majina mawili yenye uzito sawa, nipe lenye mashimo machache. Lakini uzito ndio wa kwanza. Mashimo nitayaziba.

Lisizidi herufi 30. Nakabidhi tarehe 28.

Najua utasema wewe si mtunzi. Nani alimnyamazisha Bi Mwanahawa na ukumbi wake mzima kwa fumbo la maneno manne, jikoni, siku ya kuingia ndani kwa Zuhura? Lile fumbo bado linatembea mpaka huku. Na bibi ndiye aliyeshika mkasi. Alipotupa pande zile alisema kitu, mdomoni alikuwa na pini, wewe ulikuwa karibu yake, mimi nililia sikusikia. Nimejaribu kukumbuka usiku na usiku, naukumbuka mdomo wake tu.

Sasa ombi la pili. Jina likipatikana, namwomba bibi aliandike kwa herufi zake za Kiarabu kwenye karatasi nyeupe, kalamu nyeusi, kubwa kadiri macho yanavyoruhusu. Asihangaike kunyoosha. Nitalichapa juu ya lile la herufi zetu, jinsi litakavyotoka mkononi mwake, na likipinda litapinda hivyo hivyo. Karatasi umpe dereva wa basi la asubuhi, nitaipokea Mbezi stendi ya Magufuli, unipigie tu namba ya gari.

Nijibu haya basi, hata kwa kifupi. Bibi alisema nini siku ile? Macho yake yanaendeleaje, ile miwani mpya ilimfaa? Upande wako uko wapi, unauvaa au umeuweka? Nyekundu yake bado ni ile ya mwanzo? Wangu umepauka, na nataka kuanzia kwenye rangi ilivyokuwa siku ile. Unaweza kuupiga picha nje asubuhi, kivulini, usiweke taa? Zuhura amejifungua au bado? Kaka Hemedi bado ana ile gari? Na wewe, lile suala la benki liliishaje, maana uliniambia nusu ukanyamaza? Utakuja lini? Maonyesho ni mwezi ujao na nataka uwepo, uje na upande wako, nitakupokea mimi mwenyewe.

Neema amezima taa yake, mimi bado naandika kwa tochi ya simu. Nakuaga.

Wako,
Rehema

Nimesahau: upime na pindo lako kwa futi ya cherehani, upana wake. Langu linanipa sentimeta 12 upande huu na 11 na nusu upande wa pili, na sijui kama ni mchoraji au ni kufua kwangu.