Benki, njia ya kuja Isyesye mnaijua

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na benki moja. Sitaitaja jina, wenyewe wakisoma watajitambua.

Mtaani kwetu hapa Isyesye, jijini Mbeya, kuna nyumba ya vyumba vinne yenye bati la kijani. Mwenyewe alikuwa mzee wa biashara ya mchele: ananunua mpunga Mbarali, anakoboa, anapeleka Dar es Salaam. Aliiweka nyumba rehani apate mtaji, bei ikaporomoka ghala likiwa limejaa, marejesho yakamshinda. Notisi ya siku 60 ikaja, ikaisha. Gari la dalali likapita na kipaza sauti kutangaza mnada. Siku yenyewe watu walijaa, wengi watazamaji kama mimi, na hakuna aliyefika bei. Familia ikatolewa hivyo hivyo, vyombo vikapakiwa kwenye Fuso, wakarudi kwao Rungwe. Hayo ni ya mwaka juzi.

Benki ikaweka mlinzi. Haikupita miezi mingi akaanza kulalamika kwamba hajalipwa, na asiyelipwa hujilipa. Alipangisha chumba cha uani kwa vijana wawili wa bodaboda, kisha vya ndani, kisha akatoweka na kodi ya miezi sita. Waliobaki wakaitana. Leo wamo watu zaidi ya kumi na watano, maji yalishakatwa, wanachota kwa majirani, kwangu mimi mmojawapo. Baridi ya Juni ilipokaza, waling'oa mlango wa sebuleni wakaota moto. Mlango wa mninga, Mhariri! Mzee aliwahi kunisimulia alivyozifuata mbao zile Chunya.

Si wote wakorofi. Yumo mama anayeuza mihogo ya kukaanga, watoto wake wawili wanasoma shule ya msingi hapa hapa. Yeye alimlipa mlinzi na anajihesabu mpangaji halali. Wapo wengine ambao jioni ukipita dirishani kwao unabana pua kwa moshi wa bangi, na mitungi ya gesi ya majirani imeanza kuota miguu. Nani kaichukua siwezi kuapa.

Kinachonishangaza ni ujasiri. Mmoja wao alinionyesha risiti za umeme wa LUKU kwenye simu. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo, kwa hiyo, anasema, "kodi ya nyumba hii tunalipa sisi, mwenye nyumba ni nani tena?" Mwenzake akadakia kwamba wakifikisha miaka 12 hakuna wa kuwatoa. Ni kweli sheria ya ukomo inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kudai mahakamani. Lakini kununua umeme unaoutumia mwenyewe hakujawahi kuwa hati ya nyumba, na kwenye hiyo 12 hawajamaliza hata miwili. Nilimwambia hivyo, akacheka. Ana haki ya kucheka, maana hajawahi kumwona anayemdai.

Hapo ndipo penye tatizo. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akatuambia hana mamlaka ya kumtoa mtu kwenye nyumba. Polisi wakauliza mlalamikaji ni nani. Tukasema sisi majirani. Wakauliza, nyumba ni yenu? Tawi la benki nalo likatuambia suala hilo liko makao makuu.

Nakumbuka mkopo ulipokuwa unatafutwa. Maofisa walikuja mara mbili, wakapiga picha kuanzia getini hadi kwenye tangi la maji, wakachukua muhuri wa serikali ya mtaa, hata mimi niliulizwa kama mzee ni mtu wa kueleweka. Siku ya kumtoa walikuja tena, na magari mawili. Sasa mlango unachomwa, makao makuu yamekuwa mbali.

Na hasara hiyo haiishii kwa benki. Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji anayeshikilia rehani auze kwa bei nzuri inayopatikana wakati wa kuuza. Nyumba isiyo na milango itauzwa bei gani? Pesa isipotosha, salio ni deni la mzee yule yule aliyeko Rungwe. Anadaiwa, huku dhamana yake inapikiwa ugali.

Tunachoomba si kirungu. Benki iandike namba ya simu getini. Imkabidhi mwenyekiti nakala ya nyaraka zinazoonyesha nyumba iko mikononi mwake, ifungue malalamiko yenyewe, na ikiweka mlinzi imlipe. Mama wa mihogo apewe notisi ya maandishi itakayomfikisha Desemba, watoto wamalize mwaka.

Ofisi ya serikali ya mtaa haijahama. Ni pale pale mlipogongewa muhuri, jirani na mashine ya kusaga.

Mkazi wa Isyesye,
Mbeya